Kilele au kinywa? Kisa cha neno moja chini ya Nyiragongo

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kurasa mbili za Kifaransa za tahadhari ya volkano zigeuzwe Kiswahili, zichapishwe, zigawiwe kwa wakubwa wa nyumba kumi katika kartie, yaani mitaa, za kaskazini mwa Goma na vijiji vinavyopanda kuelekea Nyiragongo, mlima wetu wa moto. Shirika lililonipa kazi sitalitaja. Kosa la kwanza lilikuwa langu, na walipoambiwa kuna tatizo hawakukataa kusikiliza.

Ilikuwa Julai 2019. Mjini kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klori, kwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa Ebola katika Goma alikuwa ametambuliwa tarehe 14 ya mwezi huo. Tulinawa mikono tukaingia katika ukumbi mmoja wa kanisa huko Majengo, watu kumi na wawili, kusoma karatasi kwa sauti kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Huwa nafanya hivyo kwa kila karatasi ya hatari. Barua ya benki mtu akiielewa vibaya atarudi kesho kuuliza. Karatasi ya volkano haina kesho.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyotukamata. Nilikuwa nimeandika: "Ukiona moto au moshi usio wa kawaida kileleni, jiandae kuondoka." Kifaransa kilisema *au sommet*, na mimi kwa mazoea ya miaka nikaweka kileleni bila hata kuinua kalamu. Mama mmoja anayeuza makala, ndivyo tuitavyo makaa hapa Goma, ambaye hushuka na magunia yake kutoka Kibati karibu kila wiki, aliinua mkono.

"Mwalimu, hapa munasema mulima itapiga makelele?"

"Hapana, Mama. Si makelele. Kilele. Kule juu kabisa."

Alinyamaza kidogo, akaikunja karatasi katikati, akaitandua tena. "Sasa Mwalimu, kule juu kabisa ya Nyiragongo kuko nini? Kuko shimo."

Ukumbi ulicheka, naye hakucheka. Alikuwa amepanda. Mwaka wa harusi yake, alisema, alifika ukingoni na shemeji yake, akalala chini kifudifudi, akatazama ndani akaona moto unachemka kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye sufuria. Kwake yeye "juu ya Nyiragongo" ni mahali pa kuchungulia chini. Kumwambia huyu mama kwamba mlima ule una kilele ni kumwambia kitu ambacho macho yake yalikwisha kukanusha.

Nilirudi nyumbani na hilo swali, na nilikaa nalo siku nne.

Nianze na jambo la sauti, maana ndilo jepesi. Kiswahili tunachokiongea Goma kinalijua neno kelele, na tunalipenda kwa wingi wake, makelele: makelele ya baa, makelele ya watoto, makelele ya pikipiki za Birere. Kilele tunakikuta shuleni, kanisani na redioni. Wanaosoma Biblia wanakumbuka Musa alipanda Nebo, kilele cha Pisga, aione nchi asiyoingia. Wengine wote hulisikia neno hilo mara chache, na sikio likisikia neno la mara chache hulivuta kwenye neno la kila siku. Ukiandika kwenye karatasi ya hatari neno linalotofautiana kwa irabu moja na neno la kila siku, umeandika maneno mawili kwa mpigo, na hujui msomaji atachukua lipi. Katika kisa chetu tafsiri ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ilikuwa na maana: volkano kweli hunguruma. Watu wangengoja makelele.

Jambo la umbo ndilo zito.

Kilele ni neno la kibantu kwa sura yake yote: linaingia ki-/vi- bila shida, vilele vingi, kileleni mahali pake. Kamusi hazikifungi kwenye mlima peke yake. Mti una kilele, mnazi una kilele, na kwa mfano hadithi ina kilele, maadhimisho yana kilele, hasira ya watu hufikia kilele. Ukitazama matumizi hayo yote utaona picha moja: kitu kinachopanda kikipungua unene, hadi kinaishia kwenye sehemu ambayo huwezi tena kuongeza hatua. Ni ncha. Ndiyo maana hatusemi kilele cha meza, wala kilele cha jukwaa, ingawa meza ina juu na jukwaa lina juu.

Majirani zake wanathibitisha. Kipeo na upeo vimetoka kwenye kitenzi pea, kukomaa, kufika pa mwisho. Havikuzaliwa na mlima, na ndiyo sababu upeo unaweza kulala chini kabisa, pale ambapo ziwa Kivu linagusa mbingu, upeo wa macho. Kinara kimesafiri kutoka mbali zaidi. Waarabu walikuwa na *manara*. Waswahili walisikia mnara, wakauona kama neno lao lenye m- mbele na minara katika wingi, kisha wakachonga kidogo chake, kinara. Katika Biblia ndipo shetani alipomweka Yesu, juu ya kinara cha hekalu. Leo kinara ni kiongozi, na timu inayoongoza ligi ni vinara. Utosi ni wa kichwa cha mtu, na jua la utosi ni la saa sita. Kila moja ya maneno haya yanasema "juu", lakini kila moja linasema juu ya namna yake, na ukilipeleka pasipo pake msomaji atahisi kuna kitu kimekaa upande hata kama hawezi kukitaja.

Sasa tazama Kifaransa nilichokuwa natafsiri. *Sommet* imetokana na Kilatini *summum*, kilicho juu kabisa. Haisemi umbo. Inaweza kuwa ncha, inaweza kuwa uwanda, inaweza kuwa ukingo wa shimo. Wafaransa wakitaka ncha wana *pic*. Kwa hiyo nilipoweka kilele mahali pa *sommet* nilimwongezea mwandishi kitu ambacho hakukisema: niliuchonga mlima. Mama wa makala alikisikia kile kipande cha ziada mara moja, maana ni yeye aliyeujua mlima.

Hapa Goma hilo lina uzito wake, kwa kuwa tumezungukwa na milima ambayo mingi imepewa jina kwa jinsi ilivyoonekana. Asubuhi ya kiangazi mawingu yakiwa hayajapanda, simama mahali pa wazi uangalie kaskazini. Mikeno, mita 4,437, ni jino la jiwe; huo una kilele na hakuna atakayebisha. Karisimbi, mita 4,507, umechukua jina lake kwa *amasimbi*, zile simbi nyeupe, kwa sababu mara kwa mara juu yake huwa peupe kwa mvua ya mawe na theluji inayokaa saa chache. Sabyinyo ni mzee wa meno, na ukiona ule mstari wake uliokatika-katika huhitaji kuelezwa. Virunga yenyewe ni *ibirunga*, volkano, kwa Kinyarwanda. Watu walioita milima hii walikuwa wanatazama juu yake kwa makini kabla ya kufungua kinywa. Hata mbali huko kaskazini, Ruwenzori, mahali pa juu kuliko pote katika Kongo yetu, mita 5,109, Waitalia waliofika pale Juni 1906 walipaita Margherita kwa heshima ya malkia wao. Jina ni la kigeni, lakini kusema "kilele cha Margherita" ni sawa kabisa, maana mtu akifika pale hana tena pa kupanda.

Siku ya tatu nilikwenda kumwona mzee mmoja wa Kibumba anayeishi siku hizi kwa mwanawe, Katindo. Nilimwuliza Kinyarwanda chao kinasemaje. Alinipa maneno mawili bila kusita. *Agasongero*, akainua vidole vitatu akavikutanisha juu kama mtu anayebana chumvi: pale panapochongoka, pa mlima au pa paa la nyumba ya nyasi. Neno hilo ni ndugu wa *gusongora*, kuchonga kijiti kikawa na ncha. Kisha *impinga*, akapitisha kiganja hewani polepole: juu ya kilima kwa jumla, ukishapanda na kutokea. Nikamwuliza, "Na Nyiragongo, Mzee?" Akasema Nyiragongo haitajwi kwa juu yake, inatajwa kwa moto wake. Katika mapokeo ya Ryangombe, dini ya kale ya huku, waliokwisha kuingizwa katika dini hiyo walikwenda baada ya kufa kupumzika Karisimbi, na wale wasioingizwa walitupwa ndani ya moto wa Nyiragongo. Hakuna aliyekwenda kileleni mwa Nyiragongo. Watu walikwenda *ndani*.

Ningeweza kuishia hapo, nibadilishe neno, nilipwe. Lakini katika kundi letu alikuwapo kijana anayesoma jiografia, na alileta hoja ambayo sikuweza kuipita.

"Mwalimu, Kilimanjaro. Uhuru ni mita 5,895, na kila kitabu kinaandika kilele cha Uhuru. Lakini Uhuru iko kwenye ukingo wa kasoko ya Kibo. Nayo pia ni shimo. Kwa nini pale ni kilele na hapa si kilele?"

Ana haki. Hata Nyiragongo ile mita 3,470 tunayoiandika ni pointi moja ya ukingo, ile iliyozidi wenzake. Mpimaji akisema kilele anamaanisha pointi hiyo, na kwa mpimaji neno ni sahihi. Mpanda mlima wa Kilimanjaro pia anaitafuta pointi hiyo, anapigwa picha penye ubao, anageuka. Na ukiwa Moshi mjini unaona kichwa cheupe cha duara, kasoko huioni. Kwa hiyo jibu langu kwa kijana lilikuwa hili: neno halikuwa kosa kwa mlima, lilikuwa kosa kwa sentensi. Karatasi yetu haikuwa ya wapimaji wala ya watalii. Ilikuwa inamwambia mtu wa Munigi aelekeze macho yake wapi. Kumwambia aangalie pointi moja ya ukingo ni kumwambia asiangalie kitu.

Alikubali nusu. Nusu nyingine alisema ataendelea kuniuliza, na ni vizuri.

Kulikuwa pia na mabishano mafupi juu ya redio. Baba mmoja alisema kilele anakijua vizuri, ni mkutano wa marais. Kweli, "mkutano wa kilele" tunausikia kila mara wakuu wa nchi wanapokaa kuzungumza juu yetu. Maana hiyo ilianzia mbali na milima ya kwetu: Februari 1950 Winston Churchill, akihutubia Edinburgh, alitaka mazungumzo ya wakubwa "kwenye kilele", na magazeti ya dunia yakaishika picha ile. Wafaransa wakasema *sommet*, na Kiswahili cha redio kikafuata. Nilimweleza hivyo, akaridhika, tukasonga mbele. Ila lilinionyesha kwamba kwa baadhi ya wasomaji wangu maana ya kwanza ya kilele ni watu wenye suti mezani, mlima ni wa pili.

Siku ya nne ndipo nilipoona kosa la tatu, na hilo lilinitoa jasho.

Tuseme nimeandika neno zuri kuliko yote. Sentensi ingesomeka: ukiona moto usio wa kawaida kule juu, jiandae. Lakini mwaka 2019 moto kule juu ulionekana kila usiku. Ziwa la lava lilikuwa linachemka ndani, na mawingu juu yake yalikuwa mekundu kama jiko. Watoto wa Goma wamelala chini ya wekundu ule miaka mingi. Usio wa kawaida ni upi? Tena, na hili ndilo kubwa, historia ya mlima huu haisemi kwamba hatari hutokea juu. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu ulipasuka, ziwa lote la lava likamwagika kwa muda usiozidi saa moja, likiteremka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka kutoka upande wa Shaheru, ile kasoko ya zamani iliyo ubavuni kusini, zikashuka hadi Munigi, karibu na uwanja wa ndege. Lava ilitoka karibu na nyumba za watu, ikapita katikati ya mji, ikaingia ziwani. Mimi nilikuwa kijana, nakumbuka mama yangu amesimama barabarani akiangalia juu ya mlima, na jirani akimvuta mkono akimwambia, "Usiangalie kule, angalia hapa!"

Karatasi yangu ilikuwa inawarudisha watu waangalie kule.

Kwa hiyo nilirudi kwa shirika nikiwa na ombi ambalo mfasiri hapendi kulileta: badilisheni Kifaransa chenu. Nilieleza mambo matatu kwa mpangilio huo huo, sauti, umbo, mahali. Aliyenisikiliza alikuwa mtu wa volkano kwa kazi, na kwa jambo la tatu hakuhitaji kushawishiwa. Alisema sentensi ile ilinakiliwa kutoka kwenye karatasi ya mlima mwingine. Alichoniuliza ni neno gani tuweke sasa.

Tuliitisha kikao cha pili, ukumbi ule ule, ndoo ile ile ya klori. Nilipeleka mapendekezo manne: ukingo, shimo, mdomo, kinywa. Kasoko sikuipeleka, ni neno zuri la vitabuni, lakini katika watu kumi na wawili ni kijana wa jiografia tu aliyelijua. Ukingo ulikataliwa kwa kuwa ni wa mto na wa barabara. Shimo liliogopwa, kwani mtu angefikiri shimo lolote, hata zile nyufa tulizotaka aziogope zaidi. Mdomo na kinywa vilipigiwa kura kwa mikono, na kinywa kikashinda. Mama wa makala alitoa sababu ambayo sikuwa nimeifikiria: "Mdomo iko inje. Kinywa iko na ndani."

Pembeni niseme kwamba Goma imekwisha kuwapa wanasayansi neno moja: mazuku, ile hewa nzito isiyoonekana inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi na watu. Leo wataalamu wa volkano wanaliandika hivyo hivyo katika karatasi zao, mazuku, bila kulitafsiri. Sijaacha kujivunia hilo. Neno la watu wanaoishi na kitu lina uwezo wa kusafiri.

Sentensi ya tatu, baada ya kila mtu kuisoma mara mbili na mzee mmoja asiyejua kusoma kuirudia kwa kichwa, ikawa hivi: "Moto unaouona kila usiku kwenye kinywa cha mlima haukuambii siku ya hatari. Mlima unaweza kupasuka ubavuni, chini, karibu na nyumba. Ukisikia ardhi inatetemeka tena na tena, ukiona ufa mpya, ukiona mvuke au joto linatoka penye udongo, usingoje kuangalia juu. Toa habari, na uondoke." Ni ndefu kuliko ile ya Kifaransa. Mpiga chapa alilalamika nafasi haitoshi, tulipunguza picha.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulifunguka. Ulifunguka ubavuni. Hakukuwa na tangazo kabla, mbingu tu iliyogeuka kuwa nyekundu mno, na mji mzima ukatoka barabarani, wengine kuelekea Sake, wengine kwenye mpaka wa Gisenyi, na magodoro vichwani. Lava ilizika nyumba za Buhene, ikakata barabara ya Rutshuru, ikasimama kabla ya kuingia uwanja wa ndege. Sitaki kudai kwamba karatasi yetu iliokoa mtu fulani; usiku ule watu walikimbia kwa sababu walikuwa na kumbukumbu ya 2002 mwilini. Nilipigiwa simu saa tatu na nusu, mtandao ukikatika-katika. Alikuwa mama wa makala, yuko njiani na wajukuu.

"Mwalimu, haikutokea ku kinywa. Ni ku ubavu. Tuko tunashuka."

Miezi iliyofuata karatasi ilichapishwa upya, na tuliitana tena kuisoma. Ziwa la lava lilikuwa limemwagika, na kule juu usiku palikuwa peusi, jambo ambalo watoto wengi wa Goma hawakuwahi kuliona. Mama wa makala ndiye aliyeisoma sentensi ya tatu kwa sauti. Alifika katikati akasimama, akaweka kidole kwenye mstari, akanitazama. Nikachukua kalamu, tukafuta maneno "kila usiku".